Je, Wajua? Kina cha Nebula Huonekana kwa Macho Matupu

Simama nje ya mji wa Isiolo alfajiri, mawingu yakiwa bado hayajaufunika Mlima Kenya. Nyoosha mkono, inua kidole gumba mbele ya kilele. Fumba jicho la kushoto, kisha lifumbue na ufumbe la kulia. Kidole kitaruka kutoka upande mmoja wa kilele hadi wa pili, nawe hujasogea hata kidogo. Macho ya mtu mzima yameachana kwa takriban sentimita 6.5, kwa hiyo kila jicho lina picha yake. Ubongo huzipatanisha na kukuonyesha kilicho karibu na kilicho mbali.

Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alieleza kwamba hata picha mbili bapa, kila jicho likipewa yake, huunganishwa na ubongo vivyo hivyo. Yeye alitumia vioo; baadaye ikaja miwani ya rangi mbili. Lakini macho yakizoezwa hayahitaji chombo chochote, na sijui kitu kinachopendeza kutazamwa hivyo kuliko nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa.

Chukua simu, fungua jozi ya picha za nebula zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Zipunguze hadi umbali kutoka kitovu cha moja hadi cha nyingine usizidi sentimita 6. Ilete simu karibu na pua, ulegeze macho kana kwamba unautazama mlima ule ulio nyuma yake. Utaona ukungu mtupu, vumilia. Sasa isogeze simu mbali polepole. Picha mbili zitakuwa tatu. Tulia na ile ya katikati, usiikazie macho kwa pupa. Mara inajikusanya: nyota za mbele zinachomoza kukujia usoni, na wingu linazama nyuma yake kama korongo refu. Mara ya kwanza nilipoliona nilishusha pumzi.

Wengine hupendelea kupishanisha macho kwa kukazia ncha ya kalamu iliyo kati ya uso na simu. Kwa njia hiyo picha ya kulia sharti ihamie kushoto, la sivyo kina hupinduka na nyota za mbele huenda nyuma ya wingu. Macho yakichoka, yapumzishe. Mwenye makengeza, au anayeona kwa jicho moja, huenda asikione kina hicho.

Sasa jiulize: aliyepiga picha hizo alisimama wapi na wapi? Nebula ya Orion, iliyo katika kundinyota la Jabari, iko umbali wa takriban miaka ya nuru 1,340. Nuru yake tunayoiona leo iliondoka huko katika karne ya kwanza ya Hijria. Kwa miezi sita Dunia hutuhamisha kilomita milioni 300 hivi kutoka upande mmoja wa Jua hadi wa pili, na bado nebula hiyo huonekana kusogea kiasi cha upana wa sarafu ya shilingi moja inayotazamwa kutoka kilomita 1,000. Mwaka 2020 chombo cha New Horizons, kikiwa zaidi ya kilomita bilioni 6 kutoka hapa, kilipiga picha nyota mbili za jirani, Proxima Centauri na Wolf 359. Picha hizo zikiwekwa kando ya zilizopigwa duniani, nyota hizo huonekana zimeelea mbele ya nyingine. Hizo ni jirani. Nebula ziko mbali mno kwa mbinu hiyo.

Kwa hiyo kina cha nebula hujengwa kwa elimu. Mfini J-P Metsävainio hupiga picha moja, kisha hukisia umbo la wingu: vumbi jeusi linaloziba mwanga lazima liwe mbele, na nguzo za gesi huelekeza ncha zake kwenye nyota zinazozichoma. Kutokana na hayo hutengeneza picha ya jicho la pili. Ni makisio, ila yana msingi. Kazi zake zimo katika kitabu cha mwaka 2020 alichoshirikiana na David Eicher na Brian May, yule mpiga gitaa wa Queen mwenye shahada ya uzamivu katika falaki.

Wakazi wa Isiolo wana haki ya pekee juu ya Nebula ya Orion. Waborana, walio miongoni mwao, huhesabu kalenda yao kwa mwezi na nyota, na katikati ya Jabari wanapaita Arb Gaddu, kama alivyoandika Asmarom Legesse mwaka 1973. Mji wenyewe hauko hata kilomita 50 kutoka ikweta, hivyo nebula hupita karibu na utosi.

Mwishoni mwa Januari, saa nne usiku, ondoka kwenye taa za mji. Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari, kisha shusha macho kidogo upande wa kusini. Lile doa la ukungu ndilo lenyewe. Litazame kwanza hapo juu, halafu ndipo ufungue simu.