Kiwanda cha vyuma kuukuu mtaani: uliza kwanza kitayeyusha nini

Simama asubuhi kando ya barabara ya Outer Ring, karibu na Kariobangi, na utaona mikokoteni ikipita imebeba mabati yenye kutu, fremu za baiskeli, friji zilizokufa na vipande vya magari. Safari yao huishia kwenye mzani. Mzigo hupimwa, mwenye mkokoteni hulipwa kwa kilo, na jioni lori huja kuubeba hadi kwenye viwanda vilivyo mbali na mtaa. Wengi Dandora, Korogocho na Kayole hulipa kodi ya nyumba kwa kazi hii.

Ndiyo maana likitajwa pendekezo la kujenga kiwanda cha kuchakata vyuma kuukuu Eastlands, ukumbi hugawanyika. Vijana wa mikokoteni wanataka soko la karibu, lisilo na madalali watatu katikati. Wazazi na wenye ploti wanahofia moshi na malori. Nikiwasikiliza, mara nyingi naona pande hizi mbili hazibishani kuhusu kitu kimoja. Huyu anazungumzia yadi ya kupanga vyuma, yule anazungumzia tanuri. Na mjadala wa aina hiyo hauwezi kuisha, kwa sababu jina “kiwanda cha vyuma kuukuu” linabeba shughuli zenye madhara tofauti kabisa.

Yadi ya kupanga na kukata hutenganisha chuma na alumini, shaba na plastiki, kisha hukata na kufunga mzigo. Kero zake ni kelele, msongamano wa malori na oili inayovuja kutoka kwa injini. Ni kero za kweli, lakini sakafu ya saruji, mtaro mzuri na saa maalum za kazi huzipunguza sana.

Tanuri ni jambo jingine. Chuma huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 1,500 za Selsiasi, na pamoja nacho huungua rangi, mafuta na zinki iliyopakwa kwenye mabati. Vumbi lake ni laini sana, na bila mitambo ya kulichuja huishia kwenye paa za majirani na vifuani mwao. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, ndiyo sababu fundi wa jua kali anaweza kuiyeyusha na kuifinyanga iwe sufuria.

Halafu kuna betri za magari. Ndani yake mna madini ya risasi, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, joto ambalo hata jiko la makaa linaweza kulifikia. Hapa ndipo pa kusimama na kuuliza maswali magumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto ndiye huumia zaidi, kwa kuwa hucheza mchangani na kutia mikono mdomoni, na madhara kwenye ubongo wake hayarudi nyuma.

Kenya inalijua somo hili kwa uchungu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, karakana ya kuyeyusha betri kuukuu ilianza kazi mwaka wa 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, na ikafungwa mwaka wa 2014. Wakazi walikwenda kortini. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo Desemba 2024. Taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda pia zilipatikana na lawama. Kwa sisi tunaofanya kazi serikalini, hukumu hiyo inafaa kusomwa polepole.

Wala Eastlands haianzi na hewa safi. Utafiti uliofanywa kwa niaba ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka wa 2007 uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu iliyofika au kupita kiwango kilichotumiwa wakati huo kama mpaka wa hatari. Hadi leo kuna wanaochoma nyaya mahali wazi ili plastiki iishe ibaki shaba, na moshi ule ni sumu. Kwa hivyo kukataa kiwanda hakumaanishi kwamba moshi umekataliwa. Yadi iliyo na leseni, yenye mashine ya kumenya nyaya, inaweza kuupunguza. Tanuri lililowekwa mahali pabaya litauongeza.

Kuna pia hofu ya wizi. Mnamo Januari 11, 2022, nguzo za laini kuu ya umeme zilianguka eneo la Embakasi na nchi ikakaa gizani. Uharibifu wa nguzo hizo ulihusishwa na biashara ya vyuma. Siku tisa baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara hiyo, na ikaruhusiwa tena Mei. Walioumia katika miezi hiyo ni pamoja na waokotaji ambao hawajawahi kugusa nguzo ya mtu. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke rekodi ya anachonunua na anayemuuzia. Kiwanda kinachofuata sheria hiyo ni soko gumu kwa mfuniko wa shimo la majitaka ulioibwa usiku.

Sasa, nani anaamua? Si ofisi moja. Serikali ya kaunti huamua kama ardhi inaweza kubadilishwa matumizi, mathalan kutoka makazi hadi viwanda, na Katiba inaikabidhi pia leseni za biashara na udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kelele. NEMA ndiyo hutoa leseni ya mazingira baada ya tathmini ya athari. Kibali kimoja hakichukui nafasi ya kingine, na mwekezaji anayekuonyesha karatasi moja hajamaliza safari.

Muda ndio huwaponyoka wakazi wengi. Tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi kwa kawaida hutoa siku 14 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi katika idara ya mipango ya miji ya kaunti. Tangazo la NEMA kuhusu ripoti ya tathmini kwa kawaida hutoa siku 30 za maoni. Matangazo haya huwa magazetini, mahali ambapo mama mboga wa Umoja hana sababu ya kuyatafuta, kwa hivyo muulize mwakilishi wadi wako au msimamizi wa wadi mapema, usingoje kuona mabati yamezungushiwa uwanja. Leseni ikishatolewa, anayepinga ana siku 60 za kukata rufaa katika Mahakama Maalum ya Mazingira.

Ukifika kwenye mkutano wa maoni, uliza kama betri zitapokelewa. Uliza kama kutakuwa na tanuri, litatumia nini, na vumbi lililochujwa litatupwa wapi, maana halipotei. Uliza shule iliyo karibu zaidi iko mita ngapi na upepo huvuma kuelekea wapi. Waokotaji nao waulize bei ya kilo na kama watapewa nafasi ya kuuza moja kwa moja. Kuahidiwa “ajira kwa vijana” bila idadi si jibu. Maoni yaandikwe na yatiwe sahihi, kwa sababu yaliyosemwa kwa mdomo hupotea kwa urahisi.

Ripoti ya tathmini huwa ndefu na ya Kiingereza. Una haki ya kuomba ielezwe kwa Kiswahili hapo hapo mkutanoni: Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.