Kitulo kwa miguu: familia za sharika zetu katika Bustani ya Mungu



Wageni wetu kutoka sharika rafiki za Ulaya wakishafika Njombe, wakanywa chai na kusalimiana na wazee, huuliza kama Kitulo ni mbali. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwapeleka. Dereva hupanda nao, mratibu hupanda nao, na wazee wa usharika waliowapokea hubaki nyumbani kusubiri kuwaaga. Mwaka jana mjumbe mmoja wa kamati ya usharika wa upande wa Makambako alituuliza kikaoni, kwa upole kabisa, kama hiyo Bustani ya Mungu inaruhusu na Watanzania kuingia. Watu walicheka. Sisi tulioshika mafaili hatukuwa na jibu la maana.

Februari mwaka huu tukaenda na familia nane za sharika za Njombe na Makambako, jumla watu 31, bibi mmoja wa miaka 68 akiwemo na mtoto wa mgongoni mmoja. Wafadhili wetu wana haki ya kujua fedha zilitoka wapi, kwa hiyo tuliseme mapema: kila familia ilijilipia kiingilio na chakula, Land Cruiser moja ilikuwa ya dayosisi na mbili za kukodi kwa mchango wa wote. Mfuko wa mazingira uligharamia jambo moja tu, nalo ni kusafisha picha. Sababu yake itaonekana mbele.

Kitulo ni mahali gani

Hifadhi ya Taifa Kitulo ilianzishwa rasmi mwaka 2005. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413, na iko katika mikoa ya Njombe na Mbeya, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Tambarare yenyewe iko mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na Mlima Mtorwi unakaribia mita 3,000. Hifadhi nyingi za nchi yetu zilianzishwa kwa ajili ya wanyama. Hii ilianzishwa kwa ajili ya maua, na inatajwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya kitropiki. Aina zipatazo 350 za mimea zimeorodheshwa humo, na kati yake 45 ni okidi. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu kabla ya serikali kuweka mipaka. Wataalamu wa mimea huiita Serengeti ya Maua, jina ambalo kwetu sisi halina uzito kama lile la kwanza.

Hakuna makundi ya tembo wala simba ya kumlazimisha mtu abaki ndani ya gari. Ndiyo maana Kitulo inafaa familia inayotaka kutembea. Mnakwenda kwa miguu na askari wa hifadhi, mnasimama mnapotaka, mnapiga goti, mnaangalia. Katika msitu wa Livingstone, ambao ni sehemu ya hifadhi, anaishi pia kipunji, nyani mwenye manyoya marefu ambaye wanasayansi walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na kumtangaza mwaka 2005. Wawindaji wa vijiji vya Rungwe walikuwa wakimtaja siku zote. Sisi hatukumwona, wala hatukutegemea kumwona tukiwa na watoto 17 wanaoimba.

Njia, na kosa letu

Kutoka Njombe unaweza kupitia Makete. Sisi tulipitia Makambako ili kuzichukua familia za huko, tukafuata barabara kuu ya Zambia hadi Chimala, tukaacha lami na kupanda kuelekea Matamba. Kupanda huko wenyeji wanakuita kona hamsini na saba. Unaacha joto la Usangu chini na mashamba yake ya mpunga, na kabla hujamaliza kuhesabu kona unatafuta sweta.

Februari ni mwezi mzuri wa maua, lakini si mwezi wa likizo. Tuliamua kuondoka Ijumaa baada ya vipindi vya shule, na hapo tulikosea. Watoto walichelewa, mafuta yakachelewa, na kona tulizipanda gizani, mvua ikinyesha na ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba kondakta wa gari la pili alitembea mbele na tochi. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini usharika utakaokwenda baada yetu uhakikishe unafika Matamba jua likiwa bado liko juu, hata kama ni kwa kuomba ruhusa ya shule siku moja. Au nendeni likizo ya Desemba, maua yanapoanza. Juni hadi Agosti ni kukavu na njia ni nzuri, ila usiku kuna baridi ya kugandisha umande na maua ni machache.

Kosa la pili lilikuwa la viatu. Tuliandika kwenye barua "viatu imara", na kila mtu akaelewa alivyoelewa. Watoto wanne walikuja na kandambili.

Kupiga picha kwa goti

Kila familia ilikuwa na simu moja ya kupigia picha, na kila familia ilipewa kazi moja: irudi na picha ya kitu ambacho hakuna aliyekijua nyumbani. Kwa saa ya kwanza watu walipiga picha za kila mmoja wao mbele ya milima, kama kawaida ya sisi sote. Kitulo asubuhi ukiwa umesimama huoni maajabu. Unaona majani hadi upeo wa macho, na rangi kidogo hapa na pale. Baba mmoja alitamka waziwazi kwamba ameona malisho mazuri ya ng'ombe na hajaona bustani.

Askari wa hifadhi akamwomba achuchumae. Pale alipokuwa amesimama, katika eneo lisilozidi mkeka wa kulalia, watoto walihesabu maua ya aina 11. Kuanzia hapo safari ilibadilika. Watu 31 walikwenda kilomita mbili kwa saa tatu, na hakuna aliyelalamika isipokuwa dereva aliyekuwa akitusubiri na chai.

Tulichojifunza kuhusu picha ni kidogo lakini kinasaidia. Mwanga mzuri ni wa asubuhi ukungu unapoinuka; ikifika saa nne jua la huko juu ni kali na ua jeupe linapoteza sura. Upepo hautulii, basi mmoja apige na mwingine akinge kwa kitenge au mwavuli. Baridi inamaliza chaji haraka, kwa hiyo simu ikae mfuko wa ndani. Tembea kwenye njia, kwa kuwa mtu anayerudi nyuma bila kuangalia ili apate picha nzuri anakanyaga tatu mbaya zaidi ya ile anayoipiga. Na tafadhali, picha ya okidi isisambazwe pamoja na maelezo ya mahali hasa ilipo. Sababu ni hii inayofuata.

Chikanda

Katika kundi letu alikuwapo mama mmoja aliyezaliwa upande wa Makete na kuolewa Njombe. Tulipokuwa tukishuka bondeni alionyesha kidole majani mawili yasiyo na ua lolote na kusema, "Hii nayo ni okidi."

"Umeijuaje, mama?" askari wa hifadhi akauliza. Alikuwa kijana wa umri wa wanawe.

"Tulikuwa tunachimba, mwanangu. Ndoo moja siku mbili. Nilinunua madaftari."

Kijana hakumkaripia. Alimwomba awaeleze watoto, na mama yule akawaeleza vizuri kuliko ambavyo sisi tungeweza. Chini ya okidi ya aina hii kuna viazi viwili vidogo. Kimoja kimelegea, ni cha mwaka uliopita, kinaulisha mmea sasa. Cha pili ni kigumu, ni cha mwaka ujao. Mchimbaji anachukua kile kigumu na kutupa kingine, na mmea huo umekwisha.

Viazi hivyo vinasagwa na kupikwa na unga wa karanga na pilipili mpaka viwe kama mkate unaokatwa vipande. Ndicho chikanda, chakula kipendwacho sana Zambia, hasa kaskazini, na sasa kinaliwa hadi mijini. Okidi zilipopungua huko, wanunuzi walikuja upande wetu wa mpaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikitoka nyanda zetu za juu kusini kila mwaka ni mamilioni. Biashara hiyo ni sehemu ya sababu Kitulo ikafanywa hifadhi. Ndani ya mipaka kuchimba ni kosa la jinai. Nje ya mipaka, kwenye ardhi ya vijiji, uchimbaji haujakoma.

Mtoto mmoja aliuliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa nalo: kwa nini tusichukue moja tu tukaipande nyumbani? Mbegu ya okidi ni kama vumbi. Haina akiba ya chakula ndani yake kama punje ya hindi, na haioti mpaka ikutane na kuvu fulani aliye kwenye udongo ule, ambaye huilisha. Ukihamisha mmea ukaacha udongo wake, umehamisha maiti. Hata huko ulikotoka, baada ya kuota unahitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza.

Hatumlaumu mama yule, na tunaomba msomaji asimlaumu. Alikuwa na watoto shuleni na mnunuzi alikuwa mlangoni na fedha mkononi. Faida kubwa aliipata aliyevusha gunia mpakani.

Jambo linalotuhusu sisi ofisini

Kwa miaka mingi taarifa zetu za mazingira kwa wafadhili zimekuwa na safu moja muhimu: idadi ya miche. Mipaina mingapi, milingoti mingapi, usharika gani umeongoza. Nasi tulipotafuta mahali pa kupanda tulitafuta "eneo wazi", yaani nyasi. Tukiwa tumepiga magoti Kitulo tulianza kuhesabu kwa aibu maeneo wazi tuliyojaza mipaina katika sharika za miinuko ya juu. Chini ya mpaina uliokomaa nyasi hizi hazioti, na okidi haioti. Mchimbaji wa chikanda anachagua mmea mmoja mmoja. Shamba la miti linafunika mlima mzima.

Hatusemi kupanda miti ni kosa. Mkoa wa Njombe unajenga na kusomesha kwa mbao, na sharika zetu pia. Tunasema mahali pawe pamechaguliwa. Shamba lililochoka, korongo linalomomonyoka, kando ya barabara: hapo pandeni. Nyasi za juu ambazo hazijawahi kulimwa, na mabonde ya vyanzo juu ya vinyungu vyetu, yaacheni. Nyasi hizo hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole. Vijito vinavyoshuka kutoka Kitulo upande wa kaskazini vinaingia Usangu na kuwa Ruaha Mkuu, vinamwagilia mpunga wa Mbarali, na maji hayo hayo yanaendelea hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayozalisha umeme.

Kuanzia robo hii fomu ya maombi ya miche ina swali jipya: eneo hilo lilikuwa na nini kabla? Kamati ikijibu "nyasi", ofisa wetu atakuja kuangalia kabla ya kuleta miche, na atachuchumaa. Tumewaeleza wafadhili kwamba huenda idadi ya miche ikapungua mwaka huu, na kwa nini. Mmoja ameshatujibu akiomba picha za maua badala ya jedwali.

Picha zenyewe zimesafishwa Njombe mjini, mbili kwa kila familia: ya kwanza yao wenyewe, ya pili ya kile walichokuwa hawakijui. Yule baba wa malisho alileta picha ya ua la njano dogo kuliko ukucha, na umande juu yake. Imebandikwa ofisini kwetu chini ya kalenda. Mama wa Makete alichagua picha ya majani mawili yasiyo na ua. Fundi picha alidhani amekosea, akampigia simu kuuliza.

Kwa sharika zitakazopenda kwenda msimu ujao

Ulizeni viwango vya kiingilio mapema, kwani hubadilika; raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo sana kuliko wageni, na watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu mlangoni. Nyumba za kulala wageni zipo Matamba, za kawaida na safi, blanketi mbili kila mtu. Jumapili tulisali pamoja na wenyeji wetu huko, na walitupa viazi mviringo gunia zima ambalo Land Cruiser haikuwa na nafasi yake mpaka watoto walipolikalia.

Majina yafike ofisini kabla ya mwisho wa Oktoba, yakiwa na umri wa kila mtoto na namba ya kiatu chake. Tumenunua gambuti za watoto jozi 11. Zipo stoo Njombe na zinaazimwa bure, mradi zirudishwe zimeoshwa.