Unataka darubini ya nyota Mji wa Kale? Pima ngazi zenu kwanza

TANGAZO la darubini ya bei nafuu mtandaoni huwa halikosi vitu viwili: picha ya Zohali iliyopigwa na chombo cha angani, na namba kubwa kwa wino mwekundu. Mara 525. Mara 675. Kijana wa Kibokoni aliyeweka akiba miezi kadhaa anaiona ile namba, analipa, na wiki ya pili darubini iko chini ya kitanda. Mwezi aliuona, ndiyo, lakini ulikuwa ukitetemeka kama taa ya ngalawa. Zohali hakuipata kabisa.

Usiharakishe kulaumu anga la Mombasa. Kisiwani taa ni nyingi kweli, na zinafuta nyota hafifu, lakini mwezi, sayari na nyota pacha zinang'aa vya kutosha kupenya mwanga wa barabarani. Wengi wanaangushwa na kununua kifaa kilichotengenezewa ua wa Ulaya, kisha wanakipandisha juu ya paa la Mji wa Kale. Haya hapa ya kuangalia kabla hujatoa pesa.

Namba ya kwenye sanduku ni chambo

Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga; kukuza kunafuata. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka hadi karibu milimita 7. Lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 70 inakusanya mwanga mara 100 zaidi, kwa sababu upana ukizidi mara 10, eneo linazidi mara 100. Kwa hivyo dukani anza na swali hili: lenzi au kioo kikuu kina upana wa milimita ngapi?

Ukuzaji wenyewe ni hesabu ya shule ya msingi. Chukua urefu wa fokasi wa darubini, ugawe kwa ule wa lenzi ndogo unayowekea jicho. Darubini yenye fokasi ya milimita 700 ikiwekewa lenzi ya 25 inakuza mara 28. Ikiwekewa ya 10, mara 70. Kikomo pia kipo: upana kwa milimita, mara mbili. Darubini ya milimita 70 mwisho wake ni kama mara 140, tena usiku ambao hewa imetulia. Yakhe, anayekuahidi 525 kwa kifaa hicho anakuuzia ukungu.

Na namba kubwa huihitaji. Ile miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona Januari 1610 inaonekana hata kwa darubini ya mkononi ya macho mawili, mradi uegemeze viwiko ukutani. Pete za Zohali zinaanza kujitenga na sayari yenyewe ukifika mara 40 au 50, isipokuwa vipindi vichache zinapotugeuzia ukingo, kama ilivyokuwa 2025. Mashimo ya mwezini utayaona kwa karibu kila kifaa.

Stendi ya Ulaya, anga la ikweta

Hapa ndipo watu wa Pwani wanapolaliwa bila kujua. Darubini nyingi za kioo huja na stendi yenye chuma cha uzani upande mmoja. Stendi hiyo imeundwa ili iufuate mzunguko wa dunia. Mhimili wake unatakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, na ncha hiyo huinuka juu ya upeo kwa digrii sawa na latitudo ya ulipo. London ni takriban digrii 51. Mombasa ni 4, maana yake mhimili unakaribia kulala. Stendi nyingi za bei ya chini hazishuki hadi hapo, na ukilazimisha, ule uzani unagonga miguu ya stendi. Nayo Nyota ya Kaskazini, ambayo kijitabu kinakwambia uitafute, kwetu iko chini ya upeo. Hata usihangaike.

Chagua stendi inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia, basi. Iliyo rahisi zaidi ni ya aina ya Dobson, iliyopewa jina la John Dobson wa San Francisco, ambaye alitengeneza darubini kwa vifaa vya kuokoteza na kuziweka kando ya barabara ili wapita njia watazame bure. Ni sanduku la mbao linalozunguka juu ya msingi wa mbao. Likivunjika, fundi seremala yeyote wa mtaani analiweza.

Dobson ndogo, za kioo cha milimita 114 au 130, hukaa juu ya meza. Ile ya 130 inakusanya mwanga zaidi ya mara tatu ya lenzi ya 70. Marekani huuzwa kati ya dola 200 na 300. Ongeza usafirishaji na ushuru. Kama hizo zinakushinda, darubini ya macho mawili iliyoandikwa 10x50 ni mwanzo mzuri kuliko "mara 525" yoyote. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kila lenzi kwa milimita.

Na usidharau kichochoro chako. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwezi na sayari hupita juu sana, wakati mwingine karibu na utosi. Baraza la mawe mbele ya nyumba ni stendi isiyotikisika, na hata kile kipande chembamba cha anga kati ya roshani mbili kitakupitishia Mshtarii.

Pima ngazi

Ukishaonja, utaanza kutamani kubwa. Dobson ya milimita 200 inasifiwa kila mahali, na inastahili. Lakini nzima ina uzito wa kilo 20 hivi, sawa na mtungi wa maji wa lita 20 uliojaa, tena ina umbo la bomba refu. Unazijua ngazi za nyumba za kale: nyembamba, zimesimama, na taa imeungua tangu mwaka jana. Chukua futi, pima upana wa ngazi na mlango wa kutokea juu kabla hujaagiza. Darubini usiyoweza kuipandisha peke yako saa tatu usiku utaitumia mara mbili kwa mwaka.

Juu ya paa nako kuna joto. Mabati na zege vinakunywa jua mchana kutwa na kulitema jioni, na hewa hiyo moto inaifanya picha ichemke. Itoe darubini nje mapema ipoe, kisha subiri saa moja au mbili baada ya giza. Usielekeze juu ya paa la mabati la jirani kama una njia nyingine.

Adui mwingine ni unyevu wa bahari. Kuvu huota juu ya lenzi kama utando wa buibui, na wakati mwingine hutoboa rangi ya kioo isitengenezeke tena. Usifunike darubini ikiwa na umande. Ikaushe, kisha iweke kwenye kasha linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukinunua mtumba, washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi, rudisha.

Boresha vidogo kwanza

Kabla ya kuuza darubini yako, badilisha lenzi ya jicho. Zile za sandukuni mara nyingi ni dhaifu, hasa ya milimita 4 inayotoa picha nyeusi. Lenzi moja nzuri ya milimita 10 hivi inabadilisha kifaa kizima. Hakikisha kipenyo ni inchi 1.25, kipimo cha kawaida, ili uhame nayo ukipata darubini nyingine.

Kama stendi inatetemeka, tundika mfuko wa mchanga katikati ya miguu mitatu. Kishikio cha simu kitakupa picha za mwezi za kurusha mtandaoni. Programu ya Stellarium itakuonyesha kilicho juu usiku huo. Na kama sanduku lilikuja na kioo cheusi cha kutazamia jua, kile cha kuchomekwa kwenye lenzi ya jicho, kitupe. Kinaweza kupasuka kwa joto, na jua kupitia darubini linapofusha papo hapo. Hata unapousaka mwezi mwandamo baada ya Magharibi, hakikisha jua limezama lote kwanza.

Ratiba nayo ina faida yake. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mara nyingi anga ni safi, na kundi la Jabari hupita karibu na utosi likiwa na wingu lake la gesi chini ya zile nyota tatu. Kilimia, ambacho wakulima wetu walikitumia kujua majira, kinajaa vizuri kwenye 10x50. Mei na Juni, nenda Mama Ngina mapema usiku utazame kusini: karibu na Msalaba wa Kusini kuna Alpha Centauri, inayoonekana nyota moja kwa macho na mbili kwa darubini. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka minne kukufikia, na mwenzako wa London haioni kamwe.

Jirani kwanza

Limebaki moja ambalo hakuna kijitabu kitakachokwambia. Juu ya paa la Mji wa Kale, madirisha ya watu yako mkononi mwako. Kijana akionekana na darubini usiku, maneno yataanza kabla ya Alfajiri. Waarifu majirani mapema, na usiku wa kwanza waalike wao na watoto wao waje waone mwezi. Mama wa nyumba ya pili akishaziona zile milima na mashimo kwa jicho lake, hatauliza tena unafanya nini huko juu. Ataulizia Zohali inatoka lini, na pengine atawaambia wanawe wakusaidie kubeba ngazini.