Gambuti Isiyovuja, Soksi Iliyolowa

Nenda kwenye mwalo wowote wa Ziwa Viktoria alfajiri ya masika, utazame miguu badala ya samaki. Wengi wanaoshusha dagaa wako pekupeku au wamevaa yeboyebo. Wachache wana gambuti, na hao nao wakiketi kuzivua, soksi zinakamuliwa kama tambara la deki. Gambuti hazina tundu hata moja. Maji yametoka wapi?

Sehemu kubwa ni jasho. Nyayo ni kati ya sehemu za mwili zenye tezi nyingi zaidi za jasho, na mpira haubagui: unaozuia mvua kuingia ndio unaozuia mvuke kutoka. Mvuke ukigusa ukuta wa gambuti uliopozwa na mvua unageuka matone, kama chini ya mfuniko wa sufuria ya wali. Ngozi ikilowa saa nyingi hulainika, huchubuka, fangasi wakapata makazi. Soksi za pamba hunywa maji na kukaa nayo. Za sufu au poliesta ni afadhali, na jozi ya pili ikae pakavu, kwenye ndoo yenye mfuniko.

Wenye fedha watakutajia viatu vinavyopumua. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore aligundua kwamba plastiki iitwayo PTFE ikivutwa kwa ghafla hujaa vitundu vidogo mno, vinavyopitisha mvuke na kukataa matone. Ufundi huo ni mzuri sana, ila mvuke huhama kutoka penye unyevu mwingi kwenda penye unyevu kidogo. Ziwani wakati wa mvua hewa ya nje imekwisha kushiba unyevu, kwa hiyo mvuke wa ndani hutoka kwa taabu. Mimi nisingetoa hela yangu.

Basi tunabaki na gambuti. Nyingi za madukani si mpira wa mti bali ni PVC, plastiki inayomiminwa kwenye kalibu. Hazina mshono na bei yake inashikika, lakini zikizeeka hukakamaa na kupasuka pale vidole vinapokunjika. Mpira wa mti, ambao Charles Goodyear aliufundisha kustahimili joto na baridi kwa kuupika na salfa (hataza yake ya Marekani ni ya 1844), hukunjika na kurudi vizuri zaidi. Adui zake ni mafuta ya samaki, yanayouvimbisha, na jua, linaloupasua. Kwa hiyo ile desturi yetu ya kuzianika gambuti juu ya mabati mchana kutwa ni kuziua polepole. Zioshe kwa sabuni, zijaze magazeti makavu, uziweke kivulini.

Urefu wa shingo ya gambuti nao una hesabu yake, na hapa ndipo penye kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Gambuti ya magotini inamfaa anayesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu. Anayeingia hadi mapajani anayachota yale yale maji na kuyafungia pamoja na mguu wake.

Wengine huogopa kwamba gambuti ikijaa maji itamvuta mtu chini kama nanga. Siyo hivyo: maji yaliyo ndani ya maji hayaongezi uzito wa kuzamisha. Taabu ni kupiga miguu ukiogelea, kisha kupanda mtumbwini, kwani lita 4 zikitoka juu ya maji ni kilo 4 za kunyanyuliwa kwa kila mguu. Mvuvi wa mtumbwini achague pana kidogo, inayovuka kwa teke moja, wala asiifunge kamba.

Soli zenye meno makubwa ni za tope. Juu ya ubao uliojaa utelezi wa samaki, soli laini yenye mifereji myembamba hushika zaidi, maana maji hupata njia ya kukimbia.

Na gambuti ya zamani ipimwe kama fundi baiskeli anavyopima tyubu. Kunja mdomo wake ubane hewa, izamishe kwenye beseni, ikamue. Mapovu yakianza kupanda kwenye kunjo la vidole, hiyo ni ya kuvaa bandani kwa kuku.