Ngao Ilipoanguka, Mwanamume Alipimwa kwa Nini?

Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga mjini Songea viongozi wengi wa Wangoni waliopigana Vita vya Maji Maji. Vijana wetu husimuliwa habari hiyo kama kwamba uanaume wote ni mkuki na ngao. Lakini miongoni mwa viongozi walionyongwa kwa ajili ya vita hivyo alikuwamo mwanamke, Nkomanile. Na wanaume waliobaki hai, je, walipungukiwa na uanaume?

Utawala wa kikoloni uliwatendea kana kwamba ndivyo. Baada ya vita ikaja njaa. Baadaye kodi ikawatoa wanaume Ungoni kwenda kukata mkonge Tanga, na mtu mzima mwenye mke na watoto akaamrishwa kama mtoto.

Mwanahistoria Felicitas Becker, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu kuenea kwa Uislamu Tanzania Bara, amewachunguza jirani zetu wa Lindi na Mtwara, ambao nao walipitia vita hivyo. Anaonesha kwamba baada ya vita wanavijiji wengi walisilimu bila kushurutishwa na mtawala yeyote, na waliowafundisha mara nyingi walikuwa wanavijiji wenzao. Watu wa pwani walikuwa wakiwaita washenzi. Wao wakajenga misikiti na vyuo vya Qur'ani katika vijiji vyao.

Naliona hapo somo kwa kila mzazi. Safu ya swala haimuulizi mtu ukoo wake wala idadi ya maadui aliowaua. Aliyenyang'anywa ngao alipata kipimo kingine cha heshima: elimu, uaminifu, riziki ya halali na kuizuia ghadhabu yake, hasa mbele ya mkewe na wanawe. Kijana anayedhani kwamba ukali ndio uanaume hajaisoma historia ya babu zake.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya masimulizi ya wazee kuhusu Maji Maji. Je, sisi wa Kitura, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, tumeandika nani aliyetangulia kusomesha watoto Qur'ani katika vijiji vyetu? Wazee wanaojua wanazidi kupungua. Ijumaa hii, baada ya swala, kila familia imkalishe mzee wake, kijana ashike kalamu, aulize na kuandika. Inshaallah tutawaachia watoto wetu urithi ulio bora kuliko mkuki.