Hesabu za Bahati Dukani (Sehemu ya Tatu): Usiku wa Kuloweka Mchele

Mpishi wa vitumbua huamua biashara yake usiku. Mchele unalowekwa, unasagwa, unatiwa tui, hamira na iliki, kisha unafunikwa uumuke hadi alfajiri. Saa kumi na moja chuma kikishapata moto hakuna tena kuongeza wala kupunguza. Kilicholowekwa ndicho kitakachopikwa, na wateja wenyewe bado wamelala.

Jirani yangu ameifanya kazi hii miaka mingi kwenye baraza ya nyumba yake. Jioni moja nilimkuta ameinamia beseni, kikombe cha kupimia mkononi, hajamimina.

"Shikamoo mama. Kesho ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Nakisia tu. Jana vilinibakia, juzi viliisha mapema, watoto wakarudi na bakuli tupu."

Jibu hilo nimelibeba hadi leo, kwa sababu ndani yake mna swali lote la somo letu la tatu. Katika sehemu ya kwanza tulieleza maana ya uwezekano, na katika ya pili tukajifunza kutafuta wastani. Wengi wakishaujua wastani hudhani kazi imekwisha: nijue kwa kawaida nauza ngapi, niandae hizo. Nataka kuonyesha kwamba hapo ndipo fedha nyingi za wafanyabiashara wadogo zinapopotelea, tena bila wao kuona.

Tuchukue mfano. Namba nimezipanga mwenyewe ili ziwe nyepesi kuzidisha. Mwenye biashara aziondoe aweke zake. Kitumbua kinauzwa shilingi 200. Ukijumlisha mchele, nazi, sukari, mafuta na mkaa, kimemgharimu mpishi shilingi 150. Kikiuzwa anapata faida ya 50, kikilala amepoteza 150. Kwa siku 20 ameandika daftarini vitumbua vilivyotakiwa. Siku 2 vilitakiwa 80, siku 4 vilitakiwa 100, siku 5 vilitakiwa 120, siku 4 vilitakiwa 140, siku 3 vilitakiwa 160, siku 1 vilitakiwa 180 na siku 1 vikafika 200. Jumla yake ni 2,580. Gawa kwa 20, wastani ni 129.

Basi apike 130? Tumfuate tuone. Kwa siku 20 atapika vitumbua 2,600, na gharama yake ni shilingi 390,000. Siku za wateja wachache atauza vichache, siku nyingine vyote 130 vitaisha. Kwa jumla atauza 2,330 na kupata shilingi 466,000. Faida ni 76,000.

Sasa tumwangalie mwenzake wa mtaa wa pili anayepika 100 tu kila siku. Gharama yake ni 300,000. Anauza 1,960, anapata 392,000, na faida yake ni 92,000. Huyu anayeonekana mwoga amemzidi mfuata wastani kwa shilingi 16,000, ingawa siku 14 kati ya hizo 20 wateja wamekuta sinia tupu.

Msomaji asikimbilie mbele kabla hajaielewa sababu, maana ndiyo roho ya jambo lenyewe. Usivitazame vitumbua vyote kwa pamoja. Tazama fungu la mwisho, vile 20 unavyotaka kuongeza kutoka 100 hadi 120. Vitauzwa siku zipi? Siku ambazo vimetakiwa 120 au zaidi, nazo ni siku 14 kati ya 20, yaani asilimia 70. Kwa kila kitumbua cha fungu hilo, uwezekano wa asilimia 70 unamletea shilingi 50, na uwezekano wa asilimia 30 unamtoa shilingi 150. Asilimia 70 ya 50 ni 35. Asilimia 30 ya 150 ni 45. Kila kitumbua kinachoongezwa kinamla shilingi 10. Vitumbua 20 kwa siku 20 ni hasara ya 4,000, na ukipiga hesabu ndefu ya mtu anayepika 120 utakuta faida yake ni 88,000, pungufu ya ile 92,000 kwa 4,000 hizo hizo.

Rudi nyuma, ulitazame fungu la kutoka 80 hadi 100. Hilo linauzwa siku 18 kati ya 20, asilimia 90. Linaingiza 45 na kutoa 15, kwa hiyo kila kitumbua kinaacha shilingi 30. Hilo lipikwe.

Ukilishika hili, kanuni yenyewe ni fupi mno. Kama kinachobaki hakina thamani tena, gawa gharama kwa bei. Hapa ni 150 kwa 200, yaani robo tatu. Ongeza fungu jingine maadamu uwezekano wa kuliuza unazidi robo tatu. Ukishuka chini yake, acha. Mwenye kuuza kitu kinachomgharimu 50 na kukiuza 200 atasimama kwenye robo moja, na huyo anapaswa kuandaa kingi kuliko wastani. Mwenye faida nyembamba anapaswa kuandaa kichache kuliko wastani. Daftari la wateja linaweza kuwa lile lile, na majibu yakawa mawili.

Wanahisabati huliita hili tatizo la muuza magazeti, kwa kuwa gazeti la leo halinunuliwi kesho. Gazeti ulilonalo mkononi nalo, mtu mmoja alikadiria jana kwamba litapata msomaji.

Kuna mambo mawili ya maisha ambayo hesabu hii isipoyaingiza itakuwa kavu. La kwanza ni kinachobaki. Tuseme mwenye mgahawa wa jirani amekubali kuvichukua vilivyobaki kila adhuhuri kwa shilingi 120 kimoja, awauzie watu wa chai ya saa kumi. Kitumbua kilicholala sasa kinampotezea mpishi 30 tu, badala ya 150. Piga tena hesabu: faida ya 50 upande mmoja, hasara ya 30 upande wa pili. Sasa fungu linafaa maadamu uwezekano wa kuliuza asubuhi unazidi asilimia 37 na nusu. Fungu la kufikia 140 linauzwa siku 9 kati ya 20, asilimia 45, basi lipikwe. La kufikia 160 ni asilimia 25, liachwe. Mpishi wetu ametoka kwenye 100 hadi 140, na faida yake ya siku 20 imepanda kutoka 92,000 hadi 109,600. Hajapata mteja mmoja mpya wa asubuhi. Amepata mnunuzi wa mabaki, basi. Nikiona wachuuzi wanahangaika kutafuta wateja wapya wa asubuhi ilhali hakuna aliyewahi kumuuliza mwenye mgahawa, huwa naumia.

La pili ni wale watoto wenye bakuli tupu. Mtoto akirudi mara tatu bila kitumbua, mama yake atamtuma kwingine, na huenda asirudi tena kwako. Hasara hiyo haionekani kwenye droo ya fedha lakini ipo, na mwenye biashara ndiye anayeweza kuikadiria. Akiona kumkosesha mteja kitumbua kunamgharimu shilingi 30 zaidi ya faida aliyokosa, basi ile 50 iwe 80. Hata bila mgahawa, fungu la kufikia 120 sasa linaingiza asilimia 70 ya 80, ambayo ni 56, na kutoa 45. Lipikwe. Hesabu haidharau utu wa muuzaji kwa mteja wake. Inamtaka aupe uzito unaoandikika.

Sasa nije kwenye daftari, maana nimeona madaftari mengi yenye kosa moja. Watu huandika walichouza, hawaandiki kilichotakiwa. Ukipika 120 kila siku, daftari lako halitaonyesha 140 hata siku moja, hata kama mtaa mzima ulikuja. Baada ya miezi miwili utasema kwa uhakika kabisa kwamba biashara yangu ni vitumbua 120, na ushahidi utakuwa wa mkono wako mwenyewe. Dawa yake haina gharama. Siku vikiisha, andika saa. "Viliisha saa mbili kasorobo" na "viliisha saa tatu na nusu" ni siku mbili tofauti kabisa, ijapokuwa zote zimeuza 120. Weka na kistari kwa kila aliyefika akakosa. Utawakosa waliosikia habari wakageuzia njiani, lakini utakuwa umekaribia ukweli kuliko aliyeandika mauzo peke yake.

Usichanganye pia siku zisizofanana. Siku za shule na za likizo, katikati ya mwezi na mwisho wa mwezi, kila kundi lipewe ukurasa wake. Mwezi wa Ramadhani ni biashara nyingine kabisa: wateja wa alfajiri wanatoweka, wanarudi jioni wakitafuta cha futari. Anayeuchanganya Ramadhani na Shaabani katika wastani mmoja anapata namba isiyofanana na siku yoyote aliyowahi kuiishi.

Je, siku 20 zinatosha? Swali hili lilimkalisha kitako William Sealy Gosset, mkemia aliyeajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin mwaka 1899. Majaribio ya shayiri na kimea yalikuwa ya gharama, hivyo alipata vipimo vichache, wakati hesabu za zamani zake zilitaka vingi. Mwaka 1908 alichapisha njia ya kusoma vipimo vichache bila kujidanganya. Kiwanda hakikuruhusu wafanyakazi wake kuchapisha kwa majina yao, kwa hiyo alitumia jina la "Student", na hadi leo njia hiyo inaitwa kwa jina hilo. Tukiitumia kwenye daftari letu, wastani wa 129 una nafasi ya kuyumba kama 15 kila upande. Yaani tukisema wastani wa kweli wa mtaa huu upo kati ya 114 na 144, kauli ya namna hiyo inatarajiwa kuwa sahihi mara 95 katika 100. Msomaji aone upana huo. Mtu anayebishana kwa hamasa kama apike 129 au 131 anabishana juu ya kitu ambacho daftari lake halikijui. Akiwa na siku 5 tu hali ni mbaya zaidi, maana mtawanyiko unagawanywa kwa siku chache na kizidisho cha Gosset nacho kinapanda, kutoka 2.09 hadi 2.78.

Tatizo la vitumbua si la vyakula peke yake. Mwaka 1888 Francis Ysidro Edgeworth, mchumi aliyezaliwa Ireland, alijiuliza benki iweke akiba kiasi gani ili wanaokuja kutoa fedha wasikose, bila kulaza fedha nyingi kupita kiasi. Ni swali la sinia tupu na sinia lililolala, ila sasa kwenye sinia kuna fedha. Na ndilo swali la kila wakala wa pesa kwa simu tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Wakala anagawa mtaji mmoja kuwili: fedha taslimu kwa ajili ya wanaotoa, na floti kwa ajili ya wanaoweka. Akikosea upande mmoja husikika akisema "sina floti" na kamisheni inavuka barabara kwenda kwa mwenzake, huku upande wa pili fedha imekaa bure, tena inamvuta mwizi.

Edgeworth aliona jambo ambalo natamani kila wakala alijue. Kama wateja wanakuja kila mmoja kwa shida zake, wakiongezeka mara nne, kiasi wanachotoa kwa wastani kinaongezeka mara nne, lakini kuyumba kwake kunaongezeka mara mbili tu. Wanaotoa kingi kuliko kawaida wanafidiwa na wanaotoa kidogo. Tuseme mawakala wanne wa stendi moja, kila mmoja anahitaji akiba ya tahadhari ya shilingi 200,000 juu ya wastani wake. Wakikaa mbalimbali wamelaza 800,000. Wakiaminiana na kupeana fedha taslimu mchana, 400,000 zinawatosha kwa tahadhari ile ile, na zilizobaki zinafanya kazi nyingine. Fedha hizo zimetoka kwenye ujirani, na hakuna aliyekopa.

Sharti lake ni hilo nililolitaja: kila mteja awe na shida yake. Siku ya mshahara, siku ya gulio, wiki ya kufungua shule, shida inakuwa moja na watu wote wanakuja upande mmoja. Hapo mawakala wanne wanaishiwa kwa saa ile ile na kupeana hakuna msaada. Benki zilizowahi kuangushwa na wateja wenye hofu zimeangukia papo hapo. Siku hizo ziwe na ukurasa wake na akiba yake, kama Ramadhani ya mpishi.

Jirani yangu sasa ana daftari la kurasa mbili, mmoja wa siku za shule na mmoja wa likizo, na penseli ameifunga kwa uzi kwenye mpini wa kawa ili isipotee. Ukurasa wa shule una siku 11. Usiku wa jana alipomimina vikombe vyake hakuniuliza, nami sikumwambia. Juma lijalo tutaendelea na wateja wa mkopo: katika watu kumi wanaoandikwa kwenye daftari la madeni, duka linaweza kuwavumilia wangapi wasiolipa.