Daftari la zahanati ni kinga ya jamii

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa majani chai wa Litein au Mogogosiek hahitaji kufunzwa maana ya methali hiyo. Kila afikishapo majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, macho yake huwa kwenye mizani, wala hatoki hapo kabla ya kuhakikisha kilo zake zimeandikwa. Anajua fika kwamba kilo isiyoandikwa haina malipo.

Lakini je, msomaji, mkulima huyo huyo anapompeleka mwanawe zahanati akiwa na homa, hujali kilichoandikwa daftarini? Wengi wetu tukishapewa dawa hushika njia. Umri, kijiji na jina la ugonjwa twaviona kuwa mambo ya karani. Kumbe ni maandishi kama hayo, kutoka huku huku Kericho, yaliyosomwa na wataalamu wa dunia nzima.

Malaria katika baridi

Mashamba mengi ya chai ya Kericho na Bomet yako kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huku kuna baridi, na baridi ni adui wa malaria. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, vimelea vya ugonjwa huo hukua polepole mno ndani ya mbu, hata mbu akafa kabla hajaweza kuambukiza mtu.

Baraka hiyo ina hasara yake. Mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria huumwa na mbu tangu utotoni na mwili wake hujenga kinga kiasi. Mtu wa milimani hana kinga hiyo. Basi malaria inapopanda mlima, haichagui mkubwa wala mdogo. Wachuma chai hulazwa pamoja na watoto wao.

Kampuni ya Brooke Bond, iliyokuwa na mashamba makubwa Kericho, ilikuwa na hospitali ya wafanyakazi na jamaa zao. Tangu miaka ya kati ya 1960, waliolazwa kwa malaria waliandikwa mwezi baada ya mwezi, kwa miongo kadhaa. Ni mahali pachache Afrika palipokuwa na hesabu ndefu namna hiyo. Nayo ilionyesha jambo la kutisha: ugonjwa uliokuwa umetulia ulianza kurudi kwa kishindo kuanzia miaka ya 1980.

Ubishi wa wataalamu

Kwa nini ulirudi? Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Mwaka wa 2002 watafiti walioongozwa na Simon Hay waliandika katika jarida la Nature kwamba hali ya hewa ya Kericho na sehemu nyingine za milima ya Afrika Mashariki haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza balaa hilo. Wengine walielekeza kidole kwa dawa. Klorokwini, iliyotegemewa na kila nyumba, ilikuwa imeanza kushindwa na vimelea. Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998.

Wengine hawakuridhika. Takwimu za joto zilizotumiwa mwaka wa 2002 hazikuwa zimepimwa Kericho moja kwa moja. Zilikuwa makadirio yaliyokokotolewa kutokana na vituo vilivyotawanyika mbali mbali, na katika nchi ya milima na mabonde, makadirio huweza kupotosha. Mwaka wa 2011 Judith Omumbo na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipimo vya kila siku vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho chenyewe, vya miaka ya 1979 hadi 2009. Waligundua kwamba joto lilikuwa likipanda, kwa kiasi cha sehemu moja ya tano ya nyuzi kwa kila miaka 10.

Usidhani kwamba joto ndilo mkosaji peke yake. Joto lilizidi kupanda, ilhali malaria ilifika kilele miaka ya 1990 kisha ikapungua, wakati vyandarua vyenye dawa na dawa mpya zilipoenea. La muhimu kwetu ni hili: aliyekuwa akisoma kipimajoto kila siku na aliyekuwa akijaza daftari la wodi ndio waliowawezesha wataalamu kupata ukweli.

Elimu hiyo imekwisha kupewa kazi. Profesa Andrew Githeko wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, kule Kisumu, pamoja na wenzake, walibuni njia ya kutumia joto na mvua kubashiri mlipuko wa malaria milimani miezi kadhaa kabla haujatokea. Muda huo watosha kuleta dawa na vyandarua kabla ya watu kujaa hospitalini.

Kutoka daftari hadi tarakilishi

Siku hizi safari ya daftari ni ya haraka zaidi. Muuguzi huandika wagonjwa wa kila siku, kisha hesabu hukusanywa katika fomu ya wizara iitwayo MOH 705 na kuingizwa katika tarakilishi. Tangu 2011 Kenya nzima hutumia mfumo uitwao DHIS2. Mizizi yake iko Afrika Kusini, ambako watafiti walianza kazi hiyo miaka ya 1990 baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na sasa huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Nchi nyingi maskini huutumia bila kununua leseni.

Hata hivyo tarakilishi haina uchawi. Ukiitia uongo, itakurudishia uongo uliopangwa vizuri. Na ugonjwa mwingine wa mifumo hii ni kwamba hesabu hupanda kwenda juu, wala hazirudi chini. Muuguzi ajazaye fomu mwaka mzima bila kuambiwa zimesaidia nini, hatimaye huzijaza ili mradi zimejaa.

Basi wewe msomaji ufanye nini? Kwanza, toa umri na kijiji kwa usahihi. Pili, ikiwa ulikuwa Kisumu au Homa Bay majuma machache kabla ya kuugua, sema, kwa sababu daktari anahitaji kujua kama malaria hiyo ilitoka ziwani au imezaliwa hapa mlimani. Tatu, tunza kijitabu cha mama na mtoto kama unavyotunza hati ya shamba. Nne, katika baraza la chifu au mkutano wa zahanati, ulizeni: mwezi uliopita ni watu wangapi waliugua malaria hapa kwetu, na mwezi kama huo mwaka jana walikuwa wangapi?

Usiogope kuuliza pia ni nani atakayesoma habari zako. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakupa haki ya kujua hivyo. Simama dirishani hapo zahanati kama usimamavyo penye mizani ya majani chai, usiondoke kabla ya kujua kilichoandikwa.